Wali mweupe au tambi za pakiti? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kutoka jikoni za Mwanza

Maswali haya hurudi kila chakula kinapozungumzwa hapa mjini. Huulizwa na akina mama wa Igoma na Buhongwa wanaofungia watoto chakula cha shule, na wanafunzi wanaopika geto kule Malimbe na Nyegezi. Huulizwa pia na wazee walioambiwa kliniki wapunguze wali, nao hawajui waweke nini mahali pake.

Tambi za pakiti tunazozisema hapa ni zile zilizokunjamana, zenye kipakiti cha viungo ndani, ambazo wengi huziita Indomie hata kama jina kwenye karatasi ni jingine. Spageti na tambi za kupika kwa sukari na nazi hazimo. Wali mweupe ni ule wa mchele uliokobolewa na kung'arishwa, unaouzwa karibu kila duka. Namba zote ni za wastani. Kwa tambi, ya uhakika ni ile iliyochapwa kwenye pakiti yako.

Kipi bora?

Wali. Ila sababu yake haiko kwenye punje ya mchele. Mchele mweupe ni wanga karibu mtupu, na ukipima protini kwa uzito, tambi zinaupita kidogo. Nguvu ya wali iko kwenye desturi yetu: hakuna anayewekewa wali mkavu akasema amekula. Atauliza mboga ni nini. Yatakuja maharage, au dagaa, au sato wa mchuzi, na pembeni matembele au mchicha.

Tambi za pakiti zimefungwa na mboga yake humo humo, nayo ni chumvi na viungo. Mlaji anamaliza bakuli, ulimi umeridhika, wala hakumbuki kwamba hakuna harage, samaki wala jani lililopita kinywani. Ziko tofauti nyingine, tutazitaja, lakini hii ndiyo inayoamua afya ya mtu anayekula kitu kile kile mwezi mzima.

Nipeni namba basi.

Kwanza onyo. Ukilinganisha wali ulioiva na tambi kavu utajidanganya, maana wali umebeba maji. Tuvipime vyote vikiwa vikavu.

Gramu 100 za mchele mweupe zina kalori 360 hivi, wanga gramu 80, protini gramu 7, mafuta chini ya gramu 1, na sodiamu (ile sehemu ya chumvi) isiyofaa hata kuhesabiwa. Gramu 100 za tambi zilizokaangwa zina kalori kama 450, wanga gramu 60 na kitu, protini gramu 8 hadi 10, na mafuta gramu 15 hadi 20. Sodiamu, ukijumlisha na kipakiti cha viungo, mara nyingi huwa kati ya miligramu 1,200 na 2,200.

Mchele ukiiva huongezeka uzito karibu mara tatu, ndiyo maana gramu 100 za wali mezani zina kalori 130 tu. Lakini nani anakula gramu 100 za wali? Sahani ya mtu mzima kwa mama ntilie inaweza kutokana na gramu 150 za mchele, yaani kalori 540 kabla ya mafuta na mboga. Pakiti ndogo ya tambi ya gramu 70 ina kalori 320 hivi. Kwa hiyo ni kweli pakiti moja ina kalori chache kuliko sahani ya wali. Wanaotaka kupungua huishia hapo kwa furaha, kisha baada ya saa mbili wanatafuta chapati.

Protini nayo, ukiigawa kwa kalori, inalingana: kila kalori 100 za wali au za tambi zinakupa takriban gramu 2. Protini ya ngano ina upungufu mkubwa zaidi wa lisini, kiungo cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Mchele nao una upungufu huo, ila kidogo zaidi. Maharage yamejaa lisini, kwa hiyo wali maharage ni mlo wenye akili kuliko watu wanavyoudharau.

Nachemsha kwa maji tu. Mafuta yanatoka wapi?

Kiwandani. Unga wa ngano unakandwa, unakatwa nyuzi, unapigwa mvuke, halafu tambi zinatumbukizwa kwenye mafuta yenye nyuzijoto 140 hadi 160 kwa dakika moja au mbili. Maji yanatoka, mafuta yanaingia kwenye vijitundu yaliyoviacha. Vijitundu hivyo ndivyo vinavyonyonya maji ya moto nyumbani kwako na kuzifanya ziive kwa dakika tatu. Aliyebuni njia hiyo ni Momofuku Ando wa kampuni ya Nissin, Japani, mwaka 1958. Zipo pia tambi zinazokaushwa kwa hewa ya moto bila kukaangwa; ukizikuta, mafuta yake ni machache sana.

Mafuta yanayotumika mara nyingi ni ya mawese yaliyosafishwa. Karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, jamii ile ile inayotawala kwenye samli na mafuta ya ng'ombe, inayopandisha lehemu (kolesteroli) mwilini. Msiyachanganye na mawese mekundu ya Kigoma. Wekundu ule ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na usafishaji wa kiwandani huiondoa pamoja na rangi yake.

Wali wa nyumbani nao hauponi. Kilo moja ya mchele ikipikwa kwa vijiko vikubwa vitatu vya mafuta, kila sahani ya gramu 150 za mchele inabeba mafuta gramu 6. Ni nusu tu ya yaliyomo kwenye pakiti moja ya tambi. Lakini mpishi anayemimina kutoka kwenye dumu bila kijiko anaweza kuifikia pakiti hiyo asijue.

Kuhusu chumvi, watu wanatia chumvi au ni kweli?

Ni kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani chini ya gramu 5 za chumvi, karibu kijiko cha chai kisichojaa. Kugeuza sodiamu kuwa chumvi, zidisha kwa 2.5. Pakiti yenye sodiamu miligramu 1,200 ina chumvi gramu 3: zaidi ya nusu ya kiwango cha siku kwa bakuli moja. Mwanafunzi anayepika pakiti mbili kwa mpigo, na wengi wanafanya hivyo kwa sababu moja haishibishi, amemaliza siku yake na kuvuka.

Wali wenyewe hauna sodiamu, ila mpishi anayo. Vijiko viwili vya chai vya chumvi kwenye kilo ya mchele, yaani gramu 10 hadi 12, vinaipa kila sahani miligramu 600 hadi 700. Jumlisha dagaa wa kukaanga, mchuzi uliokolezwa viungo vya pakiti, na kachumbari, na sahani ya wali inakuwa sawa na bakuli la tambi. Mwenye presha anayekwepa tambi huku anakula mchuzi wa namna hiyo kila siku hajakwepa kitu.

Tofauti ni kwamba chumvi ya wali iko mkononi mwako. Ya tambi, nyingi yake iko kwenye kipakiti, kwa hiyo tumia nusu na utupe nusu. Usiihifadhi, utaimalizia kesho. Chumvi kidogo imo kwenye tambi zenyewe. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, weka mengine. Na mchuzi uliobaki chini ya bakuli si lazima unywewe.

Nina kisukari. Niliambiwa wali unapandisha sukari kuliko tambi. Ni kweli?

Ni kweli, na huwashangaza wengi. Kwa kipimo cha kasi ya kupandisha sukari, ambacho glukosi ni 100, wali mweupe mara nyingi huwa 70 hivi, na tambi za pakiti huwa karibu na 50. Mafuta yanachelewesha tumbo kumwaga chakula, na wanga wa tambi umefungwa ndani ya protini ya ngano, hivyo unameng'enywa polepole.

Kabla hujakimbilia dukani, kumbuka kwamba mwenye kisukari anaangaliwa pia presha, figo na moyo, na huko tambi zinaharibu kwa chumvi na mafuta. Utafiti uliohusisha watu wazima zaidi ya 10,000 wa Korea Kusini, uliochapishwa 2014, uliwakuta wanawake waliokula tambi hizi mara mbili au zaidi kwa wiki na uwezekano ulio juu kwa asilimia 68 wa kuwa na mkusanyiko wa matatizo ya kiuno kikubwa, presha na sukari. Kwa wanaume hali hiyo haikuonekana. Utafiti wa aina hii unaonyesha mambo yanayoandamana. Hauthibitishi kwamba moja limesababisha jingine.

Wali nao una kesi yake. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa Uingereza mwaka 2012 ulihusisha kila sahani ya ziada ya wali mweupe kwa siku na ongezeko la asilimia 11 la hatari ya kisukari cha aina ya pili. Kwa hiyo daktari aliyekuambia upunguze wali hakukuonea.

Kinachosaidia ni ukubwa wa fungu na mpangilio wa sahani. Majani yachukue nusu ya sahani, samaki au maharage robo, wali robo. Anza na majani na samaki, wali uje mwishoni. Mpangilio huo peke yake unapunguza kasi ya sukari kupanda. Wazee wetu huona aibu kula mboga kabla ya wali, kama mtoto anayedokoa. Vumilieni. Na dawa zenu msizipunguze kwa sababu mmebadili chakula mpaka mzungumze na wa kliniki.

Mwanangu wa miaka minne hataki uji. Anataka tambi asubuhi na jioni. Nifanyeje?

Mama, hili ndilo swali zito kuliko yote humu, kwa hiyo tulikalie.

Mtoto huyo mwili wake ni mdogo, na kiwango chake cha sodiamu ni kidogo kuliko cha mtu mzima kwa kadiri ya nguvu anazohitaji. Pakiti nzima inaweza kummalizia siku kwa mlo mmoja. Lakini tatizo kubwa kuliko chumvi ni nafasi. Tumbo la mtoto halina mahali pengi, na kila bakuli la tambi linakalia mahali pa chakula ambacho kingempa madini ya chuma, zinki, kalsiamu na vitamini A. Anashiba, anacheza, hasumbui, na wewe unaona mambo yanakwenda.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 kipimo kinachotumika duniani ni makundi manane ya chakula, na mtoto anatakiwa apate angalau matano kwa siku. Tambi za pakiti ni kundi moja, nafaka. Sasa chukua wali uliopondwa na maharage, matembele na unga wa dagaa, na mtoto bado ananyonya: nafaka, kunde, mboga yenye vitamini A, samaki, maziwa ya mama. Matano yametimia, na hakuna kilichotoka mbali na Soko la Mirongo. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, na kabla ya mwaka mmoja chakula cha mtoto hakihitaji chumvi kabisa.

Huyo wako wa miaka minne usimnyang'anye ghafla. Mtapigana na atashinda. Pika tambi bila kipakiti. Weka nyanya, kitunguu, karoti iliyokwaruzwa na yai. Wiki inayofuata punguza tambi, ongeza yai na mboga. Kisha leta wali wenye mchuzi ule ule aliouzoea. Watoto wengi wanachofuata ni ladha ya mchuzi na ulaini, tambi ni chombo tu. Kama ni uji anaoukataa, jaribu matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa au chai ya maziwa asubuhi. Bibi zake Usukumani walilelewa hivyo, na viazi hivyo havina kipakiti.

Watoto wananunua tambi wanazila kavu na ule unga wake. Zinadhuru kwa kuwa mbichi?

Si mbichi, zimekwisha kukaangwa kiwandani. Ubaya ni kwamba unga wote wa chumvi unaingia, hakuna mchuzi wa kuacha, na mtoto anashiba kabla ya chakula cha mchana.

Kiporo cha wali asubuhi kina lishe kuliko wali wa moto?

Kuna ukweli ndani yake. Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa mgumu kumeng'enywa, unapita utumbo mdogo na kuwalisha bakteria wazuri wa utumbo mpana. Ukiupasha tena, sehemu kubwa ya mabadiliko hayo inabaki. Sukari inapanda polepole kidogo kuliko ingepanda kwa wali uliotoka jikoni. Kidogo, tumesema.

Hatari iko kwenye ulipolala huo wali. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Sufuria ikiachwa juu ya meza usiku kucha kwenye joto letu la Mwanza, zinachipua, bakteria wanaongezeka na kutoa sumu. Sumu ile ya kutapisha haiharibiwi na moto. Ndiyo maana mtu anapasha kiporo mpaka kinatoa moshi na bado anatapika kabla ya saa nne asubuhi, halafu anamlaumu mke wa mtu kwa kijicho.

Wenye friji waingize wali ndani usipite saa mbili tangu uepuliwe, ukiwa umetandazwa kwenye chombo kipana ili upoe haraka. Wasio na friji wapike unaokwisha, hakuna ujanja mwingine. Kufunika vizuri hakuzuii kitu hapa. Sufuria iliyofunikwa inatunza joto, na joto la vuguvugu ndilo wanalolitaka bakteria hao.

Jambo jingine kuhusu kiporo: chai ya rangi inayokisindikiza huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani. Mwenye upungufu wa damu anywe chai yake saa moja au zaidi baada ya kula.

Mchele usiokobolewa sana una faida gani?

Punje ya mchele ina ganda la nje, ndani yake utando wa pumba na kiini, kisha wanga. Mashine ikikoboa na kung'arisha inaondoa pumba na kiini, na vinaondoka na nyuzi lishe, vitamini za kundi B, magnesiamu na mafuta mazuri. Mchele wa zamani uliotwangwa kwenye kinu ulibaki na sehemu ya hivyo.

Madhara yake yaligunduliwa kwa kuku. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aliona kuku waliolishwa mchele uliong'arishwa wanapooza miguu, na waliporudishiwa mchele wenye utando wakapona. Ugonjwa uliofanana na huo, beriberi, ulikuwa ukiwaua watu waliokula mchele mweupe bila kingine. Kilichokosekana baadaye kilitambuliwa kuwa vitamini B1. Eijkman alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Na sisi tunafanya nini na pumba? Kwenye mashine za Kahama, Magu na Sengerema zinauzwa kwa wafugaji. Kuku wa Mwanza wanakula vizuri kuliko wenye kuku. Ukipata mchele wa kahawia, ununue kidogo kidogo, kwa kuwa mafuta ya pumba huchacha mapema, na upike kwa maji mengi na muda mrefu zaidi. Ukiukosa, maharage yaleyale yanarudisha sehemu kubwa ya vitamini B1 iliyopotea. Suuza mchele mara moja au mbili kutoa vumbi na mawe. Kuuosha mpaka maji yawe maangavu kama kioo ni kumwaga vitamini chache zilizobaki.

Nimesikia tambi zina nta, ajinomoto inaleta saratani, na kuna mchele wa plastiki.

Nta haimo. Tambi hazigandani kwa sababu ya mafuta ya kukaangia. Ajinomoto inaruhusiwa na mamlaka za chakula duniani, haijathibitishwa kuleta saratani, na kwa uzito ule ule ina sodiamu asilimia 12 hivi wakati chumvi ya mezani ina asilimia 39. Hofu ya watu imekaa kwenye unga usio na kosa na kuuacha wenye kosa.

Kuna pia video inayosema tambi hukaa tumboni siku nyingi. Ilitokana na jaribio la kamera ya kumeza lililofanywa kwa watu wawili tu, waliotazamwa kwa saa kadhaa.

Mchele wa plastiki ulivuma sana baada ya forodha ya Nigeria kukamata shehena mwishoni mwa 2016. Maabara ilipopima ikakuta ni mchele wa kawaida, ila umechafuliwa na bakteria kupita kiasi. Tonge la wali kudunda likitupwa sakafuni si ushahidi wa plastiki. Wanga ulioiva ukifinyangwa hunatana na kudunda, wa Magu sawasawa na wa ng'ambo.

Geto mkaa ni ghali na muda hakuna. Tambi si nafuu?

Kwa moto na muda, ndiyo. Dakika tatu kwa ishirini na zaidi za wali. Kwa chakula chenyewe, piga hesabu hivi. Kilo moja ya mchele ina kalori 3,600. Pakiti ya gramu 70 ina 320. Ili upate nishati ya kilo moja unahitaji pakiti 11. Zidisha bei ya pakiti ya duka lako kwa 11, linganisha na bei ya kilo ya mchele wa leo, kisha weka juu ya mchele gharama ya mkaa na mboga. Bei hupanda na kushuka, hasa mchele kabla na baada ya mavuno ya majaruba, kwa hiyo hesabu hii ni ya kurudia.

Wanaopika watatu au wanne kwa sufuria moja ndio wanaofaidi mkaa. Anayepika peke yake ana haki ya kuchoka. Maharage yachemshwe mengi mara moja kama mna friji au jirani mwenye friji.

Kama leo ni tambi tu, nizifanyeje ziwe mlo?

Anza na dagaa. Dagaa mkavu wa ziwani ana protini zaidi ya nusu ya uzito wake, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake anakupa kalsiamu ambayo tambi hazina. Wavuvi humvua usiku wa giza kwa taa na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa, kwa hiyo nunua Kirumba mwaloni wakati wa giza, akiwa mwingi. Chagua aliyekaushwa kwenye chanja. Wa mchangani utamlipia na mchanga.

Toa vichwa, osha kwa maji ya vuguvugu, kaanga kwa kijiko kimoja cha mafuta pamoja na kitunguu na nyanya. Tupia matembele au mchicha uliokatwa. Weka maji, yakichemka ingiza tambi na robo ya kipakiti, chumvi nyingine usiweke. Ile sacheti ya mafuta, kama imo, acha. Vunja yai juu, funika mpaka liive. Sufuria hiyo inalisha wawili kwa pakiti moja na nusu, na sasa inaweza kukaa meza moja na wali.

Mjamzito anaweza kula tambi?

Anaweza, mara moja moja, kwa namna hiyo hapo juu. Tangu 2011 kanuni za Tanzania zinataka unga wa ngano wa viwandani uongezwe madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Tambi zilizotengenezwa kwa unga wa aina hiyo zina kitu ambacho mchele wetu wa kawaida hauna, na pakiti itasema. Haziwi mbadala wa vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki.

Niangalie nini kwenye pakiti nikiwa dukani?

Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kisha mstari wa sodiamu: angalia kama namba imeandikwa kwa pakiti nzima au kwa gramu 100, maana hapo ndipo macho hupotea. Kati ya pakiti mbili za bei moja, chukua yenye sodiamu ndogo. Na ukiifungua ikanuka mafuta yaliyochacha, irudishe hata kama tarehe haijafika. Huenda ilikaa dirishani ikipigwa jua.